Kuchagua na Kutunza Miwaridi ya Nyumbani, Kuanzia Ilboru hadi Pasua

Bustani yangu iko Ilboru, kwenye mteremko wa Mlima Meru juu ya mji wa Arusha. Ya mdogo wangu iko Pasua, upande wa chini wa mji wa Moshi. Miaka kadhaa iliyopita tuligawana miche kumi ya miwaridi kutoka kwa muuzaji mmoja, tukaipanda wiki ile ile, kila mmoja kwake. Ulipotimia mwaka, waridi jekundu lenye petali nyingi lililokuwa fahari ya Pasua lilikuwa linaoza kwangu likiwa bado tumba, na lile la rangi ya krimu lililokuwa likikaa kwangu zaidi ya wiki bila kuchuja, kwake lilikuwa linapauka na kupukutika siku ya tatu. Udongo ulikuwa mzuri pande zote mbili na samadi haikukosekana. Kilichotofautiana ni mwinuko wa mita mia tano na zaidi, pamoja na hewa inayoambatana nao. Kwa sababu hiyo nitaanza na kuchagua, nami nitakaa hapo kwa muda, kwa kuwa mwaridi uliopandwa mahali pasipoufaa hauokolewi na samadi wala na dawa.

Hewa ya mahali kwanza

Mwaridi si mmea wa asili ya Tanzania. Jamaa yake wa mwituni aliye jirani nasi ni waridi la Habeshi, Rosa abyssinica, linaloota katika milima ya Ethiopia; haya tunayopanda mbele ya nyumba yametokana na mchanganyiko wa muda mrefu wa mawaridi ya Ulaya, ya Mashariki ya Kati na ya China. Nasaba hiyo ndiyo inayoamua kama mmea wako utakupa maua au majani matupu. Mawaridi mengi ya kale ya Ulaya huchanua mara moja tu kwa mwaka, baada ya kupitia miezi ya baridi kali, na yakiletwa Arusha hukaa yakiisubiri baridi ambayo haitafika. Mawaridi ya China, yaliyoanza kupelekwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, ndiyo yaliyoingiza katika ukoo huo tabia ya kuchanua tena na tena. Basi ndugu akikuahidi mche kutoka ng'ambo, mbali na kibali cha kuingiza mimea nchini ambacho lazima awe nacho, swali la kumuuliza ni kama waridi hilo hurudia kuchanua. Kama halirudii, mshukuru, umwombe akuletee kitu kingine.

Kwetu sisi, chini kidogo ya Ikweta, urefu wa mchana wa Juni na ule wa Desemba haupishani hata nusu saa, na theluji yetu inakaa juu ya Kibo bila kushuka kuulaza mmea wowote. Mwaridi unaofaa unaweza kukua na kuchanua mwaka mzima. Kinachotenganisha bustani moja na nyingine ni joto, jua, na muda ambao majani hukaa yamelowa. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda kiasi kwamba kule Ilboru umande unaweza kubaki juu ya majani hadi saa nne asubuhi. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, na mwezi Februari jua la saa nane mchana huko huivisha ua kama linavyoivisha ndizi.

Sasa rudi kwenye yale mawaridi mawili. Ua lenye petali nyingi zilizobanana hufunguka polepole. Katika joto la Moshi huo ni wema, kwa kuwa polepole hiyo ndiyo inayokupa siku tano au sita za kulitazama. Katika manyunyu ya Arusha ni balaa: petali za nje zikilowa hugandamana kama karatasi iliyoloweshwa, tumba linashindwa kufunguka, na ukilipasua kwa kidole unakuta ndani ukungu wa kijivu. Ua lenye petali chache, tuseme ishirini na kitu, halishindwi na mvua, lakini kwenye joto hufunguka asubuhi na jioni likawa limelala wazi likionyesha moyo wake wa njano. Ushauri wangu kwa mtu wa Ilboru, Sakina ya juu, Machame au Kibosho ni kutafuta petali kati ya ishirini na thelathini. Kwa mtu wa Pasua au Njoro, kule chini kwenye joto, arobaini na kuendelea. Namna ya kujua ni kuchukua ua linalokaribia kupukutika pale pale kwa muuzaji na kuhesabu. Ni kazi ya dakika moja, ambayo wauzaji wamezoea kunicheka kwayo.

Rangi nayo ina neno lake. Mekundu ya giza, yale yanayokaribia weusi, huungua kingo za petali kwenye jua kali, kwa hiyo Moshi yapandwe mahali panapopata kivuli kuanzia saa nane mchana. Meupe na ya krimu huonyesha kila tone la mvua kwa doa la waridi-waridi au la kahawia. Ya pinki ndiyo yanayosamehe makosa mengi, na kama hujawahi kupanda mwaridi maishani ningekuambia uanze na pinki hata kama moyo wako uko kwenye nyekundu.

Aina, na majina machache ya kuyafahamu

Sehemu nyingi tunakonunua miche hakuna kibao cha jina. Utaambiwa "hii nyekundu, hii njano, hii inapanda ukutani". Hata hivyo ni vizuri kujua makundi. Kundi la haibridi-ti ni lile la ua kubwa moja juu ya kikonyo kirefu, umbo ambalo watu wengi hulifikiria wakisikia neno waridi. Waridi lililoitwa La France, lililotolewa Ufaransa mwaka 1867, huhesabiwa kuwa la kwanza la kundi hilo. Floribunda hutoa maua madogo kidogo katika kishada, mengi kwa pamoja, na kwa bustani ya mbele ya nyumba mimi nayapendelea kuliko haibridi-ti, kwa kuwa ua moja la kishada likiharibika mengine yanabaki. Yako pia yanayotambaa ukutani au kwenye uzio, na madogo yanayofaa mikebe na vyungu vya barazani.

Ukibahatika kukuta kitalu kinachotunza majina, matatu yafaa kuyakumbuka. Queen Elizabeth, la mwaka 1954, ni la pinki, refu kupita mtu, lenye nguvu kiasi kwamba linaweza kupandwa kama uzio. Iceberg, lililotolewa Ujerumani mwaka 1958, ni floribunda jeupe lisilochoka kuchanua. Huku juu hupata madoa meusi wakati wa masika, kisha hurudi kama halikuumwa. Peace, lililozalishwa na Francis Meilland wa Ufaransa na kupewa jina hilo mwaka 1945 vita vilipokuwa vinamalizika Ulaya, ni la njano lenye kingo za pinki, ua kubwa ajabu, ila linataka mtu mwenye subira na magonjwa ya majani.

Kuna kosa moja ambalo wakazi wa Arusha tuna kishawishi nalo kuliko watu wa mikoa mingine, kwa kuwa tumezungukwa na mashamba ya maua ya kuuza nje, yale mabanda marefu ya plastiki unayoyaona ukielekea Usa River. Niliwahi kununua miche mitano kwa kijana aliyesimama kando ya barabara na toroli. "Mama," akaniambia, "hizi ndizo zinazopanda ndege kwenda Ulaya." Huenda alisema kweli. Lakini waridi la shambani lilizalishwa liishi chini ya paa, limwagiliwe kwa mrija, lisiguswe na tone la mvua, na kikonyo chake kiwe kirefu na kinyooke. Liliteuliwa kwa uwezo wa kudumu siku nyingi kwenye chombo cha maji, sifa ambayo mara nyingi hailingani na harufu. Miche yangu mitano ilipigwa na masika ya kwanza ikabaki vijiti, na yale maua machache yaliyotoka kabla ya hapo hayakunukia kitu. Ukitaka waridi la kunukia, inama unuse kabla ya kulipa, tena asubuhi, maana mchana wa jua harufu hupungua hata kwenye waridi lenye manukato ya kweli.

Unapokagua mche kwenye kiriba, usivutwe na ua. Mche uliojaa maua ndani ya kiriba kidogo umetumia akiba yake kwa ajili ya kukupendeza wewe. Tazama shina: matawi matatu yenye unene wa penseli au zaidi, yanayotoka chini, ni dalili njema. Kama umebebeshwa, utaona uvimbe mahali mwaridi wa juu ulipounganishwa na shina la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Uvimbe huo uwe mgumu, bila ufa. Geuza majani uangalie mgongo wake. Kisha bonyeza kiriba kwa vidole: kikiwa kigumu kama jiwe, mizizi imejizungusha humo kwa muda mrefu na haitatoka kirahisi.

Shimo

Mwaridi unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, na jua la asubuhi ni bora kuliko la alasiri kwa kuwa ndilo linalokausha umande. Usiupande chini ya mwerezi au mgrivelia, miti ambayo imejaa katika viwanja vyetu na ambayo mizizi yake hula kila kitu. Acha nafasi ya mita moja kati ya mche na mche ili upepo upite. Watu wengi hubananisha wakitaka bustani ionekane imejaa mapema, na mwaka unaofuata wanauliza ugonjwa umetoka wapi.

Chimba shimo la sentimita 50 kwenda chini na 50 kwa upana, ukitenga udongo wa juu na wa chini. Udongo wa Arusha uliotokana na majivu ya volkano ni mwepesi na hupitisha maji. Kazi yako ni kuushibisha. Udongo wa sehemu za chini za Moshi, hasa unapokaribia mashamba ya mpunga, unaweza kuwa mzito, na hapo kazi ni kuufungua. Mimina ndoo ya maji ndani ya shimo tupu: yakiwa bado yamesimama baada ya saa chache, inua tuta la sentimita 20 au 30 na upande juu yake. Changanya udongo wa juu na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, ukiongeza mboji kama unayo. Mdogo wangu hutumia maganda ya kahawa, ambayo Moshi hayana shida kupatikana, lakini huyalaza miezi sita kwanza, kwani yakiwa mabichi hunyonya naitrojeni ya udongo wakati yanaoza na mche unageuka njano. Samadi ya kuku ni kali, na ikiwa mbichi huunguza mizizi. Mimi nilijifunza hilo kwa kupoteza miche miwili kwa wiki moja, na sitaki kulieleza zaidi.

Kuhusu majivu ya jikoni, wazee wetu waliyatumia sana kwenye migomba na yalifaa. Kwa mwaridi nasema hapana, hasa Arusha. Mwaridi hupenda udongo wenye asidi kidogo, pH ya 6 hadi 6.5, ilhali maji ya visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana magadi na floraidi, na tayari yanauvuta udongo upande wa pili. Dalili utaiona kwenye majani machanga: yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, kana kwamba mtu amechora ramani ya mito. Huko ni kushindwa kufyonza madini ya chuma. Kumimina mbolea zaidi hakusaidii. Kinachosaidia ni mboji nyingi, salfa kidogo inayochanganywa na udongo, na kukinga maji ya mvua ya paa kwa ajili ya kumwagilia.

Panda mwanzoni mwa mvua, vuli au masika, ukiuweka ule uvimbe wa kubebesha sentimita mbili au tatu juu ya udongo. Vitabu vya nchi za baridi huagiza uzikwe ili usigande. Kwetu hakuna cha kugandisha, na ukiuzika unakaribisha uozo. Shindilia kwa mikono, si kwa kisigino, kisha mwagilia ndoo nzima. Tandaza nyasi kavu au majani makavu ya migomba kuzunguka shina, yakiwa mbali nalo kwa upana wa kiganja, na uwe macho na mchwa.

Maji baada ya hapo ni jambo fupi. Mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, lita 10 kila mara kwa mche mkubwa, asubuhi, kwenye udongo na si kwenye majani. Vikombe viwili kila jioni hulea mizizi ya juu juu inayokauka siku ya kwanza maji ya bomba yanapokatika, jambo ambalo sote tunajua halihitaji kualikwa. Kwa chakula, ndoo ya samadi kila baada ya miezi minne yatosha, pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha mbolea ya NPK 17:17:17 baada ya kila kupogoa, kikimwagwa mbali na shina kwenye udongo uliolowa.

Mkasi ndio majira

Katika nchi zenye baridi kali, mwaridi hulala wenyewe na mwenye bustani huupogoa kabla haujaamka. Wetu haulali. Usipoupogoa unaendelea kurefuka, matawi ya chini yanakuwa magumu kama kuni, na maua yanapanda juu mpaka yanaonekana na jirani wa ghorofani tu. Hivyo ni lazima wewe uamue lini mmea unaanza upya, na uamuzi huo ndio raha kubwa ya kilimo hiki.

Mimi hupogoa kwa nguvu mara moja kwa mwaka, masika yanapoisha, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Kwanza naondoa matawi yaliyokufa, kisha yale yanayosuguana katikati, mpaka mmea unabaki na umbo la bakuli lililo wazi. Yanayobaki, manne hadi sita, nayapunguza kwa nusu. Kila mkato nauweka juu ya jicho linalotazama nje. Jicho hilo usiposogea karibu hulioni: ni kinundu kidogo kama kichwa cha kiberiti, chenye wekundu kidogo, kilichokaa juu ya kovu la jani. Mkasi uwekwe nusu sentimita juu yake, mkato ulale kwa mshazari ukiteremka upande wa nyuma ya jicho, ili tone la maji lisilikalie. Ukikata mbali sana, kijiti kinachobaki hukauka na kuoza kuelekea chini. Ukikata karibu sana, jicho lenyewe linakauka. Ndani ya tawi kuwe na rangi ya kijani kibichi au nyeupe. Ukiona kahawia katikati, shuka ukakate tena chini zaidi.

Mkasi uwe mkali na uwe umepanguswa kwa spiriti kati ya mmea na mmea. Kisu cha jikoni kinaponda.

Kupogoa kwepesi hufanyika mwaka mzima, kila ua linapokauka. Usilinyofoe kichwa tu. Shuka na kikonyo mpaka ufike kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano, linalotazama nje, ukate juu yake. Majani yenye vijani vitatu yaliyo karibu na ua hutoa machipukizi dhaifu. Kuanzia mkato huo hadi ua jipya ni wiki sita au saba Pasua, nane Ilboru, na kumi wakati wa baridi ya Julai. Hesabu hii ina matumizi. Desemba watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, mdogo wangu anataka uwanja wake uwe umefunikwa na maua siku ya Krismasi, kwa hiyo kila mwaka hukata maua yote, hata yale mazuri, karibu na tarehe 10 Novemba. Mimi nataka hivyo hivyo Ilboru, na kwangu tarehe ni 28 Oktoba au karibu na hapo. Kwa sendofu au kipaimara, hesabu kurudi nyuma namna ile ile, ukiongeza siku tano za tahadhari kama ni miezi ya mawingu.

Jambo la mwisho kuhusu mkasi ni vichipukizi vinavyotoka chini ya uvimbe wa kubebesha. Hivi si vya mwaridi ulioununua. Ni vya yule mwingine aliyetoa mizizi. Vinakua haraka, vimenyooka, vina majani ya kijani tofauti, na mtu asiyejua huvifurahia. Jirani yangu mmoja alinisifia kwa mwezi mzima mwaridi wake wa njano ulivyonenepa, na nilipokwenda kuutazama nikakuta wa njano umebaki kijiti kimoja katikati ya kichaka cha mgeni. Usivikate kwa mkasi, kwani vitarudi viwili viwili. Fukua udongo mpaka uone vinapotokea, kisha uving'oe kwa kuvivuta kuelekea chini.

Majani yanapoanza kusema

Magonjwa mawili yatakutembelea kwa hakika. Madoa meusi huja na mvua: ni mviringo mweusi wenye kingo zenye nyuzinyuzi, jani linalouzunguka linakuwa njano, kisha linaanguka, na ugonjwa unapanda kutoka majani ya chini. Vimelea vyake vinahitaji jani lililolowa kwa saa saba au zaidi mfululizo, ndiyo maana nimesisitiza nafasi, jua la asubuhi na kutomwagilia majani. Okota kila jani lililoanguka ulichome. Kuliacha chini ni kuuwekea ugonjwa akiba. Dawa za kopa, zile zile ambazo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wamezitumia kwa miaka mingi dhidi ya ugonjwa wa chulebuni, hukinga majani mapya lakini haziponyi yaliyokwisha kushikwa.

Ubwiri unga ni kinyume chake. Hauhitaji jani lililolowa. Hupenda usiku wa baridi na mchana mkavu wenye joto, hali inayopatikana Arusha baada ya masika. Majani machanga hujikunja na kupakwa unga mweupe, matumba yanafunikwa mpaka shingoni. Hapa dawa ni salfa, ile ile inayopulizwa kwenye mikorosho ya Mtwara kwa ugonjwa wa jina hilo hilo. Pulizia asubuhi mapema au jioni, kamwe si wakati joto limefika nyuzi 30, kwa sababu itaunguza majani. Mtu wa Moshi azingatie hilo mara mbili.

Kwa upande wa wadudu, vidukari hukusanyika kwenye vikonyo vya matumba na huondolewa kwa maji yenye sabuni kidogo, au kwa vidole kama huna kinyaa. Anayeua mmea ni utitiri mwekundu, tena kimyakimya. Majani yanapoteza mng'ao na kuwa na vitone vidogo vya njano-njano kama vumbi, na kwa kuwa kiangazi cha kwetu kina vumbi la kweli, watu wengi hawashtuki. Shika jani hilo juu ya karatasi nyeupe, likung'ute mara mbili, kisha subiri ukihesabu hadi kumi. Kama baadhi ya chembe za vumbi zimeanza kutembea, hao ndio. Hupenda joto na ukavu, na hujificha mgongoni mwa majani, hivyo nyunyizia maji kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, asubuhi, siku tatu mfululizo, ukifuatisha mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na sabuni. Hii ndiyo ruhusa pekee ninayoitoa ya kulowesha majani, na mafuta hayo usiyatumie ndani ya wiki mbili za kupuliza salfa, kwa kuwa mafuta na salfa vikikutana jani linaungua. Dawa kali za kuua kila mdudu huua pia wadudu wanaokula utitiri, na baada ya wiki mbili utitiri unarudi ukiwa wengi zaidi.

Dawa yoyote utakayonunua iwe na lebo inayosomeka yenye namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha. Iliyopimwa kwenye chupa ya soda usiiguse hata ukipewa bure. Vaa glavu na barakoa, na usipulizie maua ambayo nyuki wanayatembelea.

Kuzidisha, na kukata kwa ajili ya nyumbani

Ukipata mwaridi unaoridhika na hewa ya kwako, uzidishe kwa vipandikizi kabla ya kununua mwingine, kwa ruhusa ya mwenye nao kama si wako. Aina mpya za biashara zina haki za waliozizalisha, lakini miwaridi ya zamani ya uani kwa bibi haina kizuizi hicho. Chagua tawi lililotoka kuchanua, lenye unene wa penseli, ukate kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye macho manne. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Chomeka macho mawili ndani ya mchanga uliochanganywa na mboji, sawa kwa sawa, kwenye kiriba chenye matundu, kisha ukifunike kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako. Weka kivulini. Usivute kujaribu kama umeshika. Macho yatakapotoa majani mapya na mizizi kuonekana kwenye matundu, baada ya wiki sita au zaidi, ondoa kifuniko cha chupa kwanza, na wiki inayofuata uondoe chupa yenyewe. Katika vipandikizi kumi mimi hupata vinne au vitano, na wakati wa baridi hupungua hapo. Mwaridi wa namna hii hauna shina la mgeni chini yake, kwa hiyo kila kichipukizi kinachotoka ardhini ni chake, ukiache.

Maua ya kuweka ndani yakatwe kabla ya saa mbili asubuhi, tumba likiwa limeanza kulegea na petali mbili za nje zimejitenga. Likiwa bado limefumba kabisa, huinamisha shingo bila kufunguka. Nenda na ndoo ya maji bustanini, usiyabebe mkononi. Yafikapo ndani, ondoa majani yote yatakayozama, kata tena sentimita mbili za kikonyo kwa mshazari, na ubadilishe maji kila siku ya pili. Mche wa mwaka wa kwanza usiukate vikonyo virefu. Chukua ua na jani moja tu, kwa kuwa majani yanayobaki ndiyo mmea unayoyategemea kuvuka kiangazi.